Mawese ku Fimbo ya Gofu

Kataki, Kalemie
Tarehe 22 mwezi wa tisa, 2024

Mpendwa mudogo wangu Bibiane, Mama Glodie,

Jambo sana, na jambo kwa wote wanaokula ku sahani yako. Mbele ya yote, afya? Goti ile ya kushoto ingali inakusumbua, ao ulikubali kuacha kupanda kilima ya soko na mizigo ku kichwa sawa vile musichana? Na bwana wako, angali anakoroma mpaka mabati inatetemeka? Mimi niko muzima. Meno imebaki ine, lakini inajuana, inakutana vizuri juu ya ndagala. Macho inaona mbali kuliko karibu, njo maana herufi zangu ni kubwa sawa zile za ukuta wa kanisa. Usicheke. Kusoma nilijifunza ku karte za gofu, zile za kuandikia mapigo, hapana ku masomo. Unajua mwalimu alinifukuza mbele sijafika ku B.

Maji ya ziwa imerudi nyuma kidogo. Lakini jirani yangu Mama Yvette angali anakuta samaki mu jikoni yake. Anasema sasa ziwa inamuletea mpaka ku chungu, anangojea tu ilete na chumvi.

Sasa tuingie mu ile maneno. Glodie alinipigia telefone, akasema umesikia habari tatu tofauti juu yangu, na unataka yote kwa mukono wangu mimi, mbele haujavuka mwezi wa kumi na mbili kuja kuondoa matanga ya dada yetu Éliane. Na tena kwamba, kama ni kweli shemeji Emile aliniuza, utamuambia mbele ya wazee asikae ku mukeka wa familia siku ile. Yeye, bwana ya marehemu. Ni neno nzito, mudogo wangu. Basi weka miwani ku pua na usome pole pole.

Kwanza ujue hivi: wote wanaosimulia hii habari wanaisimulia vibaya. Ku soko wanasema nilienda mpaka Nyunzu kununua dawa, nikaifunga ndani ya fimbo ya gofu. Pasteri mumoja, sitaji kanisa, alihubiri juu yangu saa nzima na hata hajui gofu inachezwa na mukono ao na muguu. Wapiga makasia wa Ankoro, watu hawajaona gofu hata ku picha, wanasema nilipiga mupira ukavuka ziwa ukaangukia kwenu Kigoma. Kama uliuokota, uurudishe, ni ule wenye namba tatu. Hakuna hata mumoja alikuja kuniuliza mimi, na mimi njo mwenye fimbo.

Unakumbuka kiwanja ya gofu kule juu, ya wazungu wa reli, kwenye mama yetu alikuwa anatukataza kukata majani. Mimi na Emile tulibeba mifuko ya fimbo pale tungali watoto, mimi wa kwanza, yeye nyuma yangu. Emile ulimujua: muntu wa maneno tatu kwa siku, na mbili ni salamu. Vile alimuoa Éliane nilishangaa alimuombaje. Mimi wazungu walikuwa wananiuliza upepo unatoka wapi mbele hawajapiga. Mumoja alisema, kama ningezaliwa kwao, ningekuwa mu magazeti. Alisema vile, sikuongeza.

Walipoondoka mu mwaka ya zairianizasio, serikali ilipokamata mali ya wageni, fimbo saba zilibaki kwangu. Vita ya kwanza ilikuja, nikazizika nyuma ya choo. Ya pili ilikuja, nikazifukua, nikakimbia nazo. Watu wanakimbia na magodoro, mimi nakimbia na gofu. Éliane alinicheka mpaka tukafika Kabimba, miguu yake imevimba, na bado anacheka.

Na unajua sisi watu wa ziwa na chuma. Chuma bila mafuta, hewa ya hapa inaikula sawa panya na muhogo. Baba alikuwa anapaka mawese ndoana, panga, mashini ya kushona ya mama, hata ufunguo ya nyumba. Siku ya ubatizo wako alimushika padri mukono, padri akanuka mawese mpaka mwisho wa misa. Mimi nami nilipaka zile fimbo kila siku ya posho, ile ya Jumamosi, miaka makumi tano. Hapo dawa iko wapi? Tulilelewa vile.

Sasa, miaka mine iliyopita, mainjinia na wachuuzi wakubwa walisafisha kiwanja. Waling'oa mihogo ya watu, wakapata matundu sita kati ya kenda, wakafanya komite. Wakatuita sisi wazee wa zamani tuwaonyeshe. Mimi nilishuka na mufuko wangu, na fimbo zinang'aa sawa jana. Wote waligeuka kuniangalia. Ungeona.

Lakini nakuambia siri ya aibu: mupira wangu ulikuwa unapinda. Tangu utoto, kila nikipiga nguvu, unaanza vizuri, kisha unakamata kuume sawa mulevi aliyeona mulango wa bar. Siku moja nilisahau kupangusa mawese ku fimbo kubwa. Nikapiga. Mupira ukaenda wima, bila kugeuza kichwa. Nikapangusa, nikapiga: kuume. Nikapaka: wima. Nilijaribu masika yote, peke yangu, mvua inaninyeshea. Mupira unateleza ku chuma, haupati pa kushika, haupati kuzunguka, njo maana haupindi. Ubaya wake ni mumoja: ukianguka hausimami, unakimbia sawa muntu anakwepa kodi. Basi unapiga mufupi. Wenye masomo wangeandika kitabu juu ya ile. Mimi niliandika ku kichwa.

Na haikuwa ufundi wangu wa peke yake. Nyuma ya fimbo moja nilibandika risasi za nyavu, zile za kuzamisha, ili ipate uzito. Ku mukono wa fimbo nilizungusha mupira wa ndani wa kinga, ile baiskeli yangu ya zamani, sababu jasho ya muzee inateleza. Watu walicheka. Kisha walikuja mumoja mumoja kuniomba risasi.

Mwezi wa munane komite ikasema: sisi wazee wa zamani tuko wane, tushindane. Mwenye kushinda atakuwa moniteri wa kiwanja, mwenye kufundisha wengine. Atapewa ufunguo wa kibanda, kiti yake, na jina yake itaandikwa na rangi ku ubao pale ku mulango. Bibiane, niko na miaka makumi saba na mbili. Jina yangu iko ku karte ya kura tu, na pale waliikosea. Nilitaka ule ubao kuliko muntu anataka mbingu. Nakuambia wewe, usimuambie pasteri.

Nilishinda. Hapo hakuna mwenye kubisha, hata maadui. Emile alikuwa wa pili, nilimupita mapigo munane, na mu gofu mwenye kupiga kidogo njo anashinda. Wale wawili wengine tuwaache, mumoja alipoteza mipira yote, mwingine alipoteza njia. Muchora ubao alikuwa amekwisha kuandika MICH, na rangi ingali mbichi.

Tukakaa kula samaki. Prezida wa komite, Papa Willy, injinia wa Kabimba, muntu ya heshima, alimutuma Ketsia anayeandika mambo ya komite alete fimbo yangu apige foto. Ketsia akaishika, mukono ukatoka mwekundu, akapangusia ku jupe yake, sketi nyeupe, bila kufikiri. Mama yangu. Akanusa. Akasema ni mawese.

Prezida akafungua kitabu ya sheria. Akaangalia risasi: kitabu inakubali, mradi ziwe zimebandikwa mbele ya kuanza na usizitoe njiani. Akaangalia mupira wa kinga: kitabu inakubali, sababu nilizungusha sawa sawa, hakuna kinundu. Akafika ku mafuta. Akasoma mara mbili, jasho inamutoka, sababu ananipenda. Kitabu inasema kusafisha fimbo ni ruhusa, lakini kupaka kitu ili mupira uende vingine, hapana. Kwa mashindano ile, unatoka.

Akaniangalia. "Papa Michée, mafuta ile ulipaka juu ya kuzuia kutu, ao juu ya kuongoza mupira?"

Unaona mulango alinifungulia? Kila muntu wa Kalemie anapaka mawese juu ya kutu. Ningejibu neno moja, tuendelee kula.

Hapo njo Emile alisimama. Vidole vingali na samaki. Akasema mbele ya wote: "Kutu gani? Ni juu ya mupira. Paka mawese, unaenda wima, usipopaka unapinda. Na tangu Kongo iwe Kongo, mwenye kuvumbua ile ni Michée peke yake, hakuna muzungu aliyewaza."

Basi. Prezida akafunga kitabu. Muchora ubao akachukua kitambaa, akafuta MICH, akauliza Emile inaandikwa na E ngapi.

Tangu ile siku mudomo wangu una uchungu hata nikila ndizi. Kila siku ya mungu, watu wakitoka misa, Emile anafundisha mabibi wa mainjinia kushika fimbo, anakaa ku kiti yangu. Ku soko wananiita Papa Mawese. Vijana wa pikipiki wananiuliza kama nitawapakia mnyororo. Mara tatu Emile alituma watu kuniita, twende tufundishe pamoja. Sikujibu. Juma iliyopita alikuja mwenyewe na ndagala kavu, akaziweka ku mulango. Nilimupa paka wa Mama Yvette, na paka alizipenda, jambo iliyoniudhi zaidi.

Nakuuliza wewe mwenye akili. Mafuta ni ileile. Mukono ni uleule, fimbo ileile. Nikiwaza kutu niko muntu ya haki, nikiwaza mupira niko mwizi. Hakimu gani anapima wazo ndani ya kichwa? Lakini sitadanganya, inasaidia. Kwangu ilikata mapigo kumi, labda kumi na mbili. Kama haingesaidia, hawangeikataza. Risasi zangu za nyavu wamezikubali, na sasa Papa Willy mwenyewe anazo tatu nyuma ya fimbo, nani anasema aksanti?

Haya, niache. Wino unaisha na nguo ziko inje, mvua ya kwanza inakuja.

Umusalimie bwana wako, na Glodie, na Emilie mudogo wake, umuambie Emilie ile redio aliyonitumia inaimba vizuri lakini habari zake zote ni za kwenu. Umusalimie Mama Christiane wa kanisa, kama angali ananikumbuka, na kama hanikumbuki umukumbushe, umuambie nilikuwa muzuri. Hapa wanakusalimia binti yangu Clémence na wajukuu wote, na Mama Yvette, na paka. Anakusalimia pia Emile.

Nimeandika jina yake, na mukono umesimama hapo. Nimekaa tangu asubui, nguo zimenyeshewa.

Bibiane, Emile hakunituma nikusalimie, sababu sijasema naye. Na ile siku hakusimama. Alikuwa amekaa karibu yangu, anatoa mwiba. Prezida aliponiuliza, Emile alinivuta shati chini ya meza mara mbili, akaninong'oneza: "Kutu, shemeji. Sema kutu."

Njo mimi nilisimama. Ile maneno yote niliyomutia mu kinywa ni yangu, wewe unajua Emile hawezi kufika hata nusu yake. Ketsia alikuwa ameinua telefone, watu wote wananiangalia mimi, sawa vile siku ya kwanza nilishuka na mufuko. Ningesemaje kutu?

Yaliyobaki yote ni kweli, uulize nani unataka. Mapigo ni munane, hapana saba. Lakini ile moja nilitunga, na nimeisimulia vile mwezi muzima mpaka nikaanza kumuchukia sawa alifanya. Ukikuja, mutandikie mukeka mbele, karibu na picha ya Éliane. Mimi nitakaa nyuma. Na usisome hii barua kwa sauti.

Mungu akuvushe maji bila wimbi, akuletee huku na goti zote mbili.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mukubwa, mwenye kukupenda pamoja na mudomo wake,

Michée Kaomba