Vyuma Vipya vya Jiwe la Ng'wina

Runzewe,
mwishoni mwa kiangazi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na wote walioketi karibu naye unapomsomea barua hii nawaamkia, kila mmoja kwa heshima yake. Nauliza kwanza hali zenu. Macho ya Mama yanaendeleaje? Ile dawa ya hospitali imemsaidia, au bado anaukimbia mwanga wa jua? Na kwenye kiwanda chako cha uhunzi moto unawaka, au umeshaanza kumwachia kaka mivukuto? Sisi huku, mimi, mke wangu Kabula na mjukuu wenu Neema, tu wazima, na leo nasema hivyo kwa moyo mweupe, maana barua yangu iliyopita ilikuwa ya ukame na ng'ombe waliokufa, nami najua iliwanyima usingizi. Hii ni barua ya namna nyingine. Ukiona mwandiko umeharibika usidhani naumwa, ni malengelenge ya mikono, na nitakueleza yalivyonipata.

Kijiji chetu kipo chini ya jiwe kubwa ambalo Wasukuma wanaliita Ng'wina, yaani mamba, kwa jinsi lilivyojilaza. Karibu na kilele chake pana ufa mpana unaoweka maji ya mvua kivulini, na maji hayo hayakauki hata visima vyote vikikauka. Ukiyaona utadhani ni ndiva ya kuwekea maji ya mashamba huko kwetu Ugweno, ila hii hakuichimba mtu. Tabu yake ni kuyafikia. Ni upande mmoja tu unaopandika, na hata huo ni uso wa jiwe mtupu, mtelezo, usio na pa kushika. Zamani Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu pande hizi alipenda kuparamia majabali siku za Jumapili, akalitoboa jiwe na kupigilia vyuma kutoka chini hadi juu ili apate pa kufungia kamba zake. Yeye akaenda zake, vyuma vikabaki. Wenyeji wakapitisha mnyororo katika vyuma vile, na kule juu kabisa wakafunga kapi kwenye chuma kinene kuliko vyote. Kiangazi kikizidi, wanawake hupanda wameshika mnyororo, wakajaza madebe na kuyateremsha kwa kamba.

Mwaka jana chuma kimoja kiling'oka wakati Mama Shija, dada mkubwa wa Kabula, yuko katikati ya jiwe. Mnyororo ulilegea ghafla, akateleza mpaka chini na kuvunjika paja. Alilala muda mrefu, na alipoinuka mguu mmoja ulikuwa umekuwa mfupi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masanja, akapiga marufuku mtu yeyote kulipanda jiwe, na hakuna aliyemlaumu.

Lakini mwaka huu mvua zilitupita kabisa. Visima vikabaki matope. Wanawake wakawa wanatoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto, na kurudi jua likiwa la utosi na ndoo nusu ya maji yanayonuka. Watoto wakaanza kuharisha. Neema naye aliugua, Baba, akafika mahali hana nguvu hata ya kulia, akawa anatuangalia tu. Na maji masafi yalikuwa pale juu yetu, sote tunajua yapo.

Ndipo Mzee Masanja alipokuja nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba nilipokuwa mgodini kazi yangu ilikuwa kupigilia vyuma vya kuzuia mawe ya juu yasituangukie. Akaniomba niving'oe vile vya zamani vyote na kuweka vipya. Moyo wangu ulikataa. Wewe unajua sababu. Rafiki yangu Petro alianguka akafa kamba yake ilipokatika shimoni, nami nikiwa naning'inia kando yake. Kabula alikubali kuolewa nami baada ya kumwapia kwamba sitaning'inia tena kwenye kamba maisha yangu yote. Kwa hiyo nikamwambia mzee atafute mtu mwingine.

Kabula alikuwa ameketi na Neema mapajani. Mzee akainuka kuaga. Ndipo Kabula akaniambia, "Kiapo ulinipa mimi, na mimi nakufungua. Nenda ukaifanye kazi hiyo, ila uifanye kama mtu anayetaka kurudi."

Mzee Masanja akakaa tena chini, tukaanza kupanga.

Nilimchukua Ndaki, jamaa wa hapa Runzewe tuliyefanya naye kazi mgodini. Ni mtu wa maneno machache, na kamba ikiwa mikononi mwake huna haja ya kugeuka kutazama. Yeye alidandia lori la pamba mpaka Segese kutafuta saruji, ambayo siku hizi ni adimu kuliko sukari. Mimi nilibaki kufua. Kulikuwa na lori bovu la ushirika limetelekezwa, tukapewa ruhusa ya kuchukua vyuma vyake vizito. Nilijenga tanuru dogo la udongo na kuvukuta kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi kama ya kwako. Kila chuma nilikikunja kichwa kiwe pete ya kupitishia mnyororo, na mkia wake nikaupasua katikati. Mgodini tulifanya hivyo: unauchomeka mkia tunduni ukiwa na kabari ndogo mdomoni mwake, ukipiga nyundo kabari inagota mwisho wa tundu na kuufungua mkia ule ndani ya jiwe. Hapo hata tembo hakitoi. Wakati wa kupoza nilikukumbuka sana. Ulikuwa ukitukataza kukitosa chuma chekundu kwenye maji kwa pupa, ukisema chuma kilichopozwa kwa haraka kina hasira, kitakuvunjikia siku ya shida. Nikaviacha vyangu vikapoa vyenyewe kwenye majivu.

Siku tuliyoanza, kijiji kizima kilikuja kukaa chini ya Ng'wina. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa hatua. Nasimama chini, naking'oa chuma cha kwanza cha zamani, natoboa tundu jipya na kupigilia changu, najifunga kwacho, ndipo nakifikia cha pili. Ndaki alikuwa chini ameshika kamba iliyopita katika kila chuma kipya. Mzee Masanja alishangaa kwa nini nahangaika kuving'oa vya zamani badala ya kuviacha na kuweka vipya kando. Nilimjibu kwamba chuma kibovu kikibaki, iko siku mtu mwenye haraka atakishika. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, kisha akawa anazoa mwenyewe vile vibovu vilivyoanguka na kuviweka mahali pamoja.

Vingine vilitoka kirahisi, navipiga nyundo kulia na kushoto mpaka vinachezacheza, halafu navivuta kwa mtaimbo. Vingine vilikuwa vimeshikana na jiwe kwa kutu, nikawa navigongea kabari pande mbili mpaka jasho linaniingia machoni. Nje vilionekana vizima. Ukivitoa unakuta pale vilipoingilia jiweni vimeliwa vyote, vimebaki wembamba wa kidole cha mtoto. Kila tundu la zamani nililiziba kwa saruji niliyochanganya na unga wa jiwe lenyewe, maji yasipate pa kuingilia.

Nitasema ukweli kuhusu hofu yangu. Mwanzoni nyundo ilikuwa ikikosa patasi. Nilimwona Petro kila nilipofumba macho. Lakini kazi ya kutoboa jiwe kwa mkono ni ya polepole, unapiga, unaizungusha patasi kidogo, unapiga tena, na mwili ukaizoea nyundo kabla moyo haujazoea. Siku ya pili nilijikuta napiga mluzi.

Katikati ya jiwe, pale pale alipoangukia Mama Shija, nilikuwa nanyoosha mkono kukigonga chuma kilichofuata. Mguu ukateleza. Kwa mazoea ya mwili nikakidaka kile chuma kibovu, kikaja chote mkononi. Nilianguka, Baba. Nilisikia wanawake wakipiga yowe kule chini, na nakumbuka niliwaza jambo moja tu, kwamba Kabula anatazama. Kisha kamba ikanikaza kifuani, nikasimama hewani. Chuma changu cha mwisho kilikuwa kimenishika. Hakikucheza hata kidogo.

Nikaning'inia pale napumua. Ndaki akauliza kutoka chini, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, kama nataka kushuka nikapumzike. Nilitazama mahali Kabula alipokuwa. Alikuwa amesimama, Neema yuko mgongoni, viganja amevibana mdomoni. Hakunipungia nishuke. Nikamwambia Ndaki anivute nirudi juu. Tangu dakika ile hofu ilinitoka, wala haijanirudia. Kile kitu nilichokuwa nakiogopa miaka yote kilikuwa kimeshanifikia, na kazi ya mikono yangu ndiyo iliyonikinga.

Tulipofika kileleni, Mzee Masanja alipanda nyuma yangu kwa mnyororo niliokuwa nimeupitisha kwenye vyuma vipya, pamoja na vijana kadhaa wenye nguvu. Kilikuwa kimebaki chuma kimoja, kile kinene cha kapi. Nilikigonga kikalia vizuri, nikakisukuma kwa mtaimbo, hakikucheza. Mzee akaona tukiache. Alisema hicho ndicho kilichowahudumia tangu utoto wake, na watu wa chini walikuwa na kiu wamechoka kungoja. Mimi sikuwa na uhakika naye hakuwa na uhakika, tukakubaliana tukijaribu. Tulifunga kamba, tukakivuta wote kwa pamoja huku tumejifunga kwenye vyuma vipya. Kwa muda hakikutoa dalili. Halafu kikakatika, sote tukaanguka chali. Ndani kilikuwa chekundu kwa kutu, kilichokuwa kizima ni ukoko wa nje tu.

Mzee Masanja alikiokota akakigeuzageuza. Mke wake alikuwa amepanda mara nyingi na kuteremsha madebe kwa chuma kile. Akaniambia, "Weka viwili." Nikaweka viwili, kimoja kikichoka kingine kishike, tukafunga kapi na kuteremsha gunia la mawe, kisha magunia mawili kwa pamoja. Hakikusogea kitu. Tukaviacha usiku kucha na mzigo wake ili tuone kama vitalegea, na asubuhi tukavikuta vilevile.

Sasa ikaja shida ambayo sikuitegemea. Asubuhi hiyo nilitangaza kwamba njia iko tayari, na hakuna mwanamke aliyesogea. Walikuwa na ndoo vichwani, watoto wao wanalia kiu, wanautazama mnyororo. Mzee Masanja aliwasihi, nami nikapanda na kushuka mbele yao waone. Walisema mimi ni mtu wa mgodini, nimeyazoea.

Mama Shija akaja mbele akichechemea. Kabula alijaribu kumzuia, naye akautoa mkono wa mdogo wake taratibu. Akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mimi ndiye niliyeanguka. Nikifika juu, mtaogopa nini tena?"

Sikuweza kumkataza. Nilimfunga kamba kiunoni, Ndaki akashika, nami nikapanda hatua moja nyuma yake. Ule mguu mfupi ulimsumbua, ikawa kila hatua anauvuta kwa mkono. Tulipofika mahali alipoangukia alisimama, akaishika ile pete mpya, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Kisha akaitikisa tena. Akageuka akanitazama, akacheka, Baba, kicheko cha msichana, akaendelea kupanda bila kusimama tena.

Alichota debe la kwanza mwenyewe. Tulipolifunga kwenye kapi na kuliteremsha, ilisikika kamba tu ikilia. Debe likagusa ardhi. Hawakuligombania. Kabula alichovya kata akamnywesha Neema, akafuata mtoto wa jirani, kisha mwingine, watoto wote kwanza. Ndipo vigelegele vilipopasuka. Waliimba kwa Kisukuma mpaka jioni, na wanawake walipanda mmoja baada ya mwingine kama watu wanaokwenda harusini. Mzee Masanja, ambaye si mtu wa kucheza, alicheza. Ndaki alilia, kisha akasema ni vumbi. Mimi nilishikwa mkono na watu wengi hadi malengelenge yakapasuka, kila mmoja akisema wabeja, wabeja, ndiyo asante ya huku.

Tangu siku ile Neema amerudi kunenepa. Anakimbia, anavunja vyombo, na mama yake hamgombezi. Vijiji viwili vingine vyenye majabali kama letu vimeleta wajumbe kutuomba mimi na Ndaki twende. Nimekubali, na nimekubali kwa furaha. Kabula aliwajibu kabla yangu kwamba tutakwenda, lakini wangoje kidogo, kwa sababu kuna safari inayotangulia.

Nisalimie kaka mkubwa hapo kiwandani, na mkewe anayewapikia. Msalimie shangazi anayetunza mbuzi wa Mama, umwambie jina lake Neema analijua. Mjomba anayefundisha shule ya msingi mpe salamu za heshima, na mdogo wangu wa mwisho aliyeko bwenini mwandikie kwamba kaka yake hajamsahau. Na yule bibi jirani aliyenibeba nilipokuwa mdogo, mwamkie kwa ajili yangu kwa mikono miwili.

Safari yenyewe ni ya kuja huko. Mvua za kwanza zikinyesha tutaondoka sote watatu. Baba, msitume mtu kutupokea bondeni wala msiutafutie punda mzigo wetu. Kabula amesikia habari za mlima wenu miaka mingi, na anasema anataka kuupanda kwa miguu yake mwenyewe.

Mwanao mwenye kuwapenda,
Eliamani, Baba Neema