Kamera ya Mwanao Inakuulizia

Baba Mabula, mume wangu,

Mwangaluka. Umeamkaje huko Nkololo, na mgongo je? Mvua imeshuka, au pamba bado inaangalia juu? Mimi huku Dodoma ni mzima, mkwe wetu ni mzima, na mjukuu ananyonya kama ndama. Jumapili ya pili ijayo anabatizwa, na Mabula hataki kumtaja jina mpaka babu yake awepo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikifika hapo unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haikatiki.

Najua neno lako. Tangu aache ng'ombe wako, miaka minne sasa, unasema hutasimama getini kwa mtoto uliyemzaa uulizwe wewe ni nani.

Tena ulisema kazi yake ni kuvuta waya tu. Mafundi wa kamera za ulinzi hapa ni wengi, lakini za kwao zinaona tu. Za Mabula zinatambua. Paka akipita ukutani, kimya. Mtu akisimama getini, simu ya mwenye nyumba inalia na kumwambia ni nani, au kwamba ni mtu asiyejulikana. Wakubwa wa mji huu wanamsubiri kwa zamu. Jirani aliniuliza kama huyo fundi ni wa kwangu, nikamwambia nimemzaa mwenyewe, tena kwa uchungu wa siku mbili.

Ila mimi ile ya getini kwake ilinikataa. Wiki ya kwanza kila nikitoka sokoni, simu ya Mabula inalia huko kazini: mtu asiyejulikana. Siku ya tatu akaja mbio na pikipiki. Akanikuta getini nimepiga goti, kichwa chini, maana baba wa mkwe wetu alikuwa amekuja kumwona mtoto wiki ile yote, kutwa amekaa uani, na mimi siwezi kupita mbele yake nimesimama wima kama nguzo. Kamera inaona kitenge tu, uso haipati. Mabula alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanishika mkono.

"Mayu, hapa ni kwako. Inua uso."

Nikainua. Sasa inanijua hata nikivaa miwani.

Jioni ile nikamwambia anionyeshe watu wote inaowajua. Akanionyesha mkewe, mimi, yeye mwenyewe. Wa kwanza kabisa juu yao ni wewe, Baba Mabula, kwenye ile picha ya kipaimara chake, umevaa koti la kuazima. Akasema picha ni ya zamani, kwa hiyo mashine haina uhakika nawe. Kila mzee akipita hapo nje, inamwuliza Mabula kwenye simu: Je, huyu ni Baba? Nimemwona kwa macho yangu akiacha ugali mezani, anatoka mwenyewe kwenda kuangalia. Anarudi, anabonyeza hapana, anaendelea na ugali uliopoa.

Nisalimie mdogo wangu Nkwimba anayekupikia, na kaka yako mkubwa, mwambie dawa yake ya macho nimeipata.

Basi la kutoka Bariadi kuja huku Dodoma linaondoka alfajiri. Panda, mume wangu, mwanao abonyeze ndiyo.

Ni mimi mkeo,
Mama Mabula