Tundu la Mutumbwi

Jumamosi, magaribi

Ruth amerudi nyumbani. Tangu mabomu yaanze, mutoto wetu alikuwa ng'ambo ya mto kwa mama yangu.

Asubuhi, mbele ya kuvuka kwenda kumuchukua, nilimuonyesha bwana yangu tundu kwa mutumbwi. Yeye anayefundisha Biblia kanisani alinijibu: "Mama Ruth, siku ya kufa Mungu alishaipanga." Nilikasirika, nikabeba kopo ya kuchotea maji.

Wakati wa kurudi, katikati ya mto, maji yalifika kwa vifundo vya miguu. Nikamupa bwana yangu ile kopo, nikamuambia:

"Bon. Mungu alimuahidi Paulo kwamba kwa ile mashua hakuna mutu atakufa. Lakini Paulo alisema mabaharia wakitoroka, watu hawataokoka. Alors, na wewe chota."

Akachota mpaka jasho likamutoka. "Hata hii kopo Mungu aliipanga," akasema.

"Ndiyo. Na mukono wako pia."

Ruth alicheka mpaka akalala kwa magoti yangu. Na mimi nilicheka. Ni siku nyingi sikucheka.

Askari wangali mujini, na ya kesho sijui. Naogopa, siwezi kuficha.

Lakini saa hii nasikia nyundo kule nje. Mwalimu wa Biblia iko anaziba tundu, na anaimba.