Siku Nne Nilizoziongeza

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili haunisumbui. Ni nyumba tu iliyo kimya mno.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Mimi ni afisa wa halmashauri wa kudhibiti wanyama. Sheria inaniruhusu kuingia uani kwa mtu, kumchukua mbwa aliyeng'ata na kumzuia siku kumi, ili daktari wa wanyama ahakikishe hana kichaa. Zikiisha salama, anarudi kwao. Watu hapa wananiita Kitanzi, kwa ile fimbo yangu yenye kamba. Nikipita, wanawaita mbwa wao ndani na mazungumzo yanakatika. Hata kinyozi huninyoa kichwa kizima bila kunipigia soga, na unawajua vinyozi!

Mwezi uliopita mbwa wa fundi cherehani mmoja, bibi mjane anayeishi peke yake, alimng'ata msoma mita mguuni. Nikaenda kumchukua. Bibi hakubishana. Alimfunga kamba mwenyewe, akaniomba nisimvute kwa nguvu. Tangu hapo akawa anakuja ofisini kila asubuhi kuuliza zimebaki siku ngapi.

Yule mbwa, Dada, siku ya tatu tu alishaanza kusimama akisikia funguo zangu. Alitikisa mkia mpaka kiuno kizima kikayumba. Tangu nihamie huku hakuna aliyefurahi kuniona namna ile. Nikawa nakula chakula cha mchana mbele ya kibanda chake, nikimsimulia habari zenu.

Sasa nikuambie nililoshindwa kukuambia kwenye simu. Siku ya kumi daktari alisaini kwamba mbwa ni mzima. Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Bibi alipokuja kesho yake, nikamwambia sheria inataka siku zaidi. Akajibu, "Kama ndiyo sheria, mwanangu, nitangoja." Nilimrudisha hivyo siku nne mfululizo, nikiwa na sare yangu mwilini. Siku ya nne alikuja amevaa viatu visivyofanana, wala hakuwa na habari.

Jioni hiyohiyo nilimrudisha mbwa kwake mimi mwenyewe, nikakiri yote pale mlangoni. Bibi aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mbwa. Kisha akasema, "Ungeniambia tu kwamba unataka kuja kumtembelea. Ningekukaribisha." Akafunga mlango taratibu, mimi nikiwa nje.

Nimemwandikia mkuu wangu pia, nangoja uamuzi wake. Tafadhali usinitetee kwa shemeji. Wasalimie wapwa, uwaambie mjomba anawakumbuka mmoja mmoja. Nawe ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili.

Ni mimi,
Mdogo wako