Ukoka wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 15 Mei 1995

Amekuja mtu wa video kutoka Makambako. Filbert anaitwa. Mwanaume mzima, kofia ya mtumba ina maandishi asiyoyajua hata mwenyewe. Kamwene, bibi. Kamwene. Nikampa kigoda.

Stella kamtuma. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake azikwe. Mwezi uliopita akaolewa huko Makambako na Abdulatif mwenye lori. Mimi sikwenda. Watu wanasema eti kwa sababu bwana ni Mwislamu. Waseme! Nilichokataa mimi ni posa kupelekwa kwa mjomba wake Agustino pale mjini, kana kwamba mimi nimeshakufa. Nani alimfuta kamasi yule mtoto? Agustino?

Sasa arusi iko kwenye mkanda. Filbert ataleta televisheni, deki na jenereta, aionyeshe uwanjani kwangu, wasiokwenda nao wahudhurie. Wahudhurie! Pilau imeshaliwa, masufuria yameshaoshwa. Tena ana maswali yake: nani atakuja, nani atakaa mpaka mwisho, wapi watacheka, wapi watasema rudisha nyuma. Akirudi amweleze Stella arusi imepokelewaje huku. Anasema wateja wake siku hizi wote wanataka kujua. Nikamwuliza, hii ni arusi au chanjo ya ng'ombe?

Uwanja nimempa. Majirani walishasikia, ningemnyima wangenisema. Lakini mimi sitatazama. Nimemwambia hivyo hivyo, usoni.

Jumatano, 17 Mei 1995

Filbert kaja tena kuchagua mahali. Televisheni itakaa ukutani mwa ghala, watu wakae kwenye ukoka. Akaniuliza, zamani tulijuaje kama arusi imefana, bila kuwauliza watu?

Kuwauliza! Mtu ameshakula nyama yako, atakwambia nini? Atasema nzuri. Wewe unatazama nyasi asubuhi. Nyasi hazina adabu, hazikufichi.

Asubuhi ya arusi yangu, pale misheni, mama mkwe alinishika mkono tukazunguka uwanja. Hapa walicheza watu wa Matamba, walioteremka kwa miguu na blanketi zao. Hapa walikaa wazee — ona, matako yao bado yapo! Na hapa pembeni walisimama wenye wivu, wamechimba kwa visigino, lakini hawakuondoka. Nilicheka mpaka nikasahau kulilia kwetu. Ukoka ulilala mpaka njia ya kisimani. Harufu yake naijua mpaka leo.

Siku hizi ruksa kila kitu. Sukari haina foleni, mitumba imejaa, redio zinapiga kelele kila nyumba. Lakini arusi ya kulaza nyasi sijui nimeiona lini mara ya mwisho. Wanakodi ukumbi wa saruji. Saruji inakumbuka nini?

Filbert kacheka, eti hiyo ya nyasi ataichukua. Chukua.

Jumamosi, 20 Mei 1995

Ni leo jioni. Nimechemsha viazi sufuria kubwa. Si kwa ajili ya arusi! Watu wakae uwanjani kwako uwaache na njaa? Jirani Alfonsi ameleta dumu la ulanzi, pombe yake ya mianzi, pamoja na domo lake. Baridi imeanza. Mimi nitakuwa jikoni.

Jumapili, 21 Mei 1995

Kandambili yangu moja haionekani. Mbwa wa Alfonsi, nani mwingine. Misani nimekwenda na viatu vya kubana. Mahubiri sikuyasikia, Mungu anisamehe.

Jana walijaa. Mpaka wifi yangu Lukresia na miguu yake mibovu. Jenereta linanguruma kama mashine ya kusaga. Lori la Abdulatif lilipotokea limefungwa maua, wanawake wakapiga vigelegele. Wanakipigia kioo vigelegele! Agustino alipoanza kucheza, tumbo mbele, Alfonsi akapiga kelele: Rudisha hapo! Rudisha hapo tumbo lipite tena! Filbert akarudisha. Walicheka kweli, sikatai.

Mimi nilikuwa jikoni. Nasikia tu.

Kisha Stella akaimba. Ule wimbo wa kusagia ulezi — niliomwimbia mgongoni, tukipanda kutoka mtoni, baridi inatuuma masikio. Wa Kibena kabisa. Shangazi za Abdulatif hawajui hata neno moja, lakini walikuwa wanampigia makofi, tena kwa mpangilio. Basi nikatoka kumwaga maji ya vyombo. Maji tu. Pale kwenye kona, nyuma ya jiko.

Kwenye kioo, mbele, safu ya wakubwa, kulikuwa na kiti cha mbao. Kitupu. Juu yake kanga yangu ya zambarau! Ile niliyosema imeibwa kambani. Kumbe Stella aliondoka nayo. Wageni wanapita, wanakiinamia kile kiti, wanakisalimu. Shikamoo kiti! Uwanjani kwangu hakuna aliyecheka. Hata Alfonsi. Lukresia akasema polepole, mnaona, alimwekea bibi yake nafasi. Hakuna aliyesema rudisha.

Sikutazama. Niliona.

Nimetoka misani namkuta Filbert, alilala kwa Alfonsi, anafunga nyaya. Kisha akaanza kuzunguka ukoka, mikono nyuma, kama mama mkwe wangu. Hapa walikaa watoto, bibi. Hapa wanawake. Njia hii ni ya kwenda kwenye ulanzi, imechoka sana. Nikamwambia vizuri, umejifunza, sasa nenda zako.

Akazunguka nyuma ya jiko.

Bibi Eufrasia, hapa alisimama nani?

Nikaenda. Ukoka umelala pale, umelala kuliko pote. Matope yamechimbwa kwa visigino.

Nikasema, mbuzi.

Akainama, akachomoa kitu kwenye matope. Mbuzi wako anavaa kandambili, bibi?

Nimemtukana. Nimemwambia hana mama, hana haya, na kofia yake mbaya. Akangoja nimalize. Ndipo akasema: yale maswali mengine yote yalikuwa yake, ya biashara. Stella aliuliza moja tu. Kama bibi atatazama. Stella yuko barabarani sasa hivi, ndani ya lori na mumewe, wanapeleka mzigo Njombe mjini. Kama bibi hakutazama, wanapita. Hawatashuka kuniudhi.

Niambie bibi, nikamwambie nini?

Nimeingia ndani. Nimekaa. Naandika ili mkono uwe na kazi. Nitasema nini mimi? Posa ilinipita! Hilo halijafutika. Lakini kile kiti walikiinamia. Mpaka watu wazima.

Lori nalisikia kutoka hapa, linanguruma.

Filbert amechoka kungoja. Namwona dirishani, anateremka kuelekea barabarani. Hana jibu langu, sijampa jibu. Ana kandambili yangu! Ameinyanyua juu, na matope yake, anaipunga!

We Filbert! Rudi!

Lori limezimwa.

Wanashuka. Na viazi vya jana vimelala, moto umekufa, na mimi hapa kandambili mguu mmoja —