Mawe ya Zege ya Baba Yako

Kitindamimba wangu,

Basi lile beseni langu la bluu halikupona. Baba yako alimwaga zege humo bila kulipaka oili kwanza, yeye fundi mwashi wa kazi ya miaka arobaini, zege likagoma kutoka, ikabidi apasue beseni. Sasa, pamoja na aliyoyamwaga kwenye ndoo, ana mawe sita ya duara yenye tundu katikati, anayachomeka kwenye bomba na kunyanyua kama vijana wa mazoezi. Jirani anayeniandikia hapa anacheka. Cheka tu, mama, uzee unakuja na kwako.

Yote haya ni tangu nilipoanguka bafuni. Alishindwa kuninyanyua, wakaitwa watu kunibeba, nguo yenyewe imenikaa upande. Kesho yake akaleta sementi. Kila jiwe analipeleka dukani kulipima, anataka yote pamoja yafike kilo sitini na nane, uzito wangu ule wa kliniki. Amefika hamsini.

Na daktari alimwambia, kwa moyo wake ule mgonjwa, asibebe hata ndoo ya maji. Nikimkumbusha ananiuliza, "Ukianguka tena, mke wangu, nimwite nani?" Wewe anakusikiliza, lakini usimpigie simu, atajua nimesema. Au mpigie. Sijui, mwanangu.

Mimi nimeanza kupunguza kula, angalau nimpunguzie mzigo. Jana akagundua. Akanipakulia mara mbili, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Huyo ananiita nikamshikie bomba. Abee, nakuja. Jirani, malizia hapo, sema ni mama yake.