Ndoo Kwenye Buti

Jumapili, 13 Julai
Vihingo na kurudi. Asubuhi Maili Moja, halafu Mlandizi, halafu vumbi. Kama kawaida nimesimama kwenye kijito chini ya mteremko, nikatoa ndoo kwenye buti, nikaosha gari hadi matairi. Ukweni huendi na gari chafu. Nashona suti za watu. Nikionekana mchafu nani atanipa kitambaa chake?

Zuhura mzima. Binti yetu ana wiki mbili, kazi yake kulala. Uzazi wa kwanza, kwa hiyo Zuhura yuko kwa mama yake mpaka arobaini.

Mchana nimempeleka baba mkwe, Mzee Mwinshehe, zahanati. Nikikanyaga breki usukani unatetemeka, na gari zima linafuata. Mzee ameendesha malori maisha yake yote. Aliposhuka akasema: "Mjukuu wangu hapandi humu mpaka litulie."

Arobaini ni tarehe tisa mwezi ujao. Aibu nimerudi nayo hadi nyumbani.

Jumanne, 15 Julai
Fundi Pazi amefungua magurudumu ya mbele. Diski za breki zimepinda, anasema. Pedi zinazibana, zinakuta bonde na mlima, ndiyo maana linatetemeka. Amezipeleka kuchongwa. Jioni tumejaribu barabara ya Morogoro. Limetulia kabisa. Nimelala mapema.

Jumapili, 20 Julai
Kwenda, safi. Nimeosha, nimeng'arisha, nimeingia ukweni kifua mbele. Kurudi, kabla hata ya kufika Mlandizi, linatetemeka upya. Nimempigia Pazi, hakupokea. Nina hasira.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemfokea Pazi mbele ya wateja wake. Nimemwita tapeli. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa, anafuta tu. Miaka tisa ananitengenezea magari. Basi.

Alhamisi, 24 Julai
Fundi mwingine, wa Mlandizi. Kaweka diski mpya na pedi mpya, kapiga balansi matairi yote. Siku nzima nimekaa kwenye benchi lake huku nguo za harusi zinanisubiri dukani. Kiuno kinauma. Gari limetulia.

Jumapili, 27 Julai
Limerudia. Diski za siku tatu!

Zuhura ananiambia taratibu, kama anamwambia mgonjwa: baba ameshaongea na jirani mwenye Noah. Siku ya arobaini jirani atawaleta nyumbani Kibaha. Mimi nisihangaike.

Mke wangu na mwanangu waletwe kwangu na gari la mtu mwingine. Sikuweza kula.

Jumatatu, 28 Julai
Nimechoka. Sina la kuandika.

Alhamisi, 31 Julai
Nimekwenda kwa Pazi. Nilipita mara mbili bila kusimama, ya tatu nikasimama. Nimeomba radhi, mbele ya wateja walewale. Ameniacha niongee mpaka nikaishiwa maneno, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Amezipima diski mpya. Zimepinda kama zile za mwanzo. Kisha akasema Jumapili tunakwenda wote Vihingo, mimi niendeshe kama ninavyoendesha siku zote, nisibadilishe kitu.

Jumapili, 3 Agosti
Nilijua nitaandika mengi leo, sasa naona uvivu.

Tumeshuka ule mteremko, mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Kijitoni nikasimama. Nikatoa ndoo, nikachota, nikamwaga gurudumu la mbele. Chuma kikalia, mvuke ukapanda. Pazi alikuwa ameegemea mlango. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mshonaji wewe."

Chuma cha moto, maji ya baridi, diski inapinda. Kila Jumapili. Mimi mwenye pasi ya mkaa, ambaye nimefukuza wanagenzi wawili kwa kuirushia maji ikiwa ya moto. Ule mlio naujua, sikuwahi kuusikiliza. Nimejiona mjinga, na mjinga ndiye mimi.

Jumanne, 5 Agosti
Pazi ameweka diski nyingine. Ndoo ameichukua. Anasema atanirudishia binti akianza shule.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepita kijitoni bila kusimama. Mkono uliwasha.

Nimeingia uani kwa baba mkwe na gari jekundu kwa vumbi, hata rangi yake haionekani. Nikashuka na aibu yangu, nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akalizunguka gari polepole. Nikaanza kueleza habari ya diski. Akanikatiza.

"Tulidhani vumbi letu linakukera, mwanangu. Kila ukija unajikosha kwanza."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto, akatazama pembeni. Kumbe muda wote walikuwa wanajua kwamba naosha gari kijitoni.

Mzee amekaa mbele, tukaenda mpaka mteremkoni na kurudi, wawili tu. Nilikanyaga breki mara tatu, alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi. Tuliporudi akampigia jirani, akamwambia asisumbuke.

Tumefika nyumbani saa kumi. Binti hakuamka njia nzima. Zuhura kaandaa chai. Gari liko nje, chafu, na nimeliacha.